Ukuta wa Karavani la Yuster

Kisa hiki hamtakiamini, na ninawaambia mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari. Nimekisimulia mnadani, nimekisimulia kwenye foleni ya mbolea, mara moja nimekisimulia msibani, na kote watu waliniangalia kama mtu aliyesema amekutana na fisi amepanda baiskeli. Hasara ni yao. Mimi, Erasmus wa Bukiriro, niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nililisoma nusu kwa sababu mwalimu wa hesabu aliionea wivu akili yangu, lakini macho ninayo, na siku ile nilikuwapo. Shemeji yangu Yuster alihama na nyumba yake. Sisemi alihama na vyombo vya nyumba. Nasema nyumba: kuta, mlango, madirisha, pazia likining'inia ndani. Aliitoa Bukiriro, wilaya ya Ngara, akaifikisha Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, na kilichokuwa kikimtenganisha na kulala nje kilikuwa skrubu ambazo mtoto angeweza kuzimeza.

Kwanza mumjue mwenyewe. Yuster ni Msukuma. Watu wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakaweka kambi Nyantakara, yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Ni mrefu, mkavu, ana miguu mikubwa inayojua inakokwenda. Kaka yangu Juvenali alimwona kwenye mnada wa Biharamulo, akarudi nyumbani akakataa chakula siku mbili, akidai ana malaria. Ukoo wetu ulinung'unika. Binti wa watu wa ng'ombe, walisema, atajua nini kuhusu migomba? Alijua. Kwa miaka ishirini na mitatu shamba lao ndilo wanawake wa kwetu walipitia kwenda kisimani, wakijifanya hawaliangalii. Kitu kimoja hakupata, nacho ni mtoto, na hicho ndicho kitu ambacho ukoo hauchoki kuuliza.

Sasa hiyo nyumba. Enzi za kambi za wakimbizi, Ngara ilipojaa mahema na magari meupe, Juvenali alikuwa mlinzi wa shirika moja la misaada. Shirika lilipofunga virago liliacha uwanjani karavani bovu, na bosi wake akamwambia alichukue kama anajua pa kulipeleka. Kwa wale msiolijua karavani: ni chumba cha kuvutwa na gari, kina magurudumu mawili, kitanda cha kukunja, kabati na dirisha la plastiki, kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda kutembea lakini hawapendi kuachana na kitanda chao. Juvenali alilileta kwa lori, akalipandisha juu ya mawe katikati ya migomba, akamwingiza mke wake humo. Akasema ni kwa muda tu, mwakani atajenga nyumba ya tofali. Mwakani ulikuja ukapita, ukaja mwingine. Majirani waliliita sanduku. Yuster alifagia sanduku lake kila asubuhi, na alifagia na chini yake pia.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Juvenali alikwenda kukata mkungu wa ndizi. Akapiga magoti, akaegemea mgomba, akabaki hapo. Yuster alipofika na kikapu alidhani anatafuta kisu kilichodondoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba, na ninyi mnajua mimi ni mtu wa kupamba. Tulimzika siku ya pili yake. Pale msibani niliongea kuliko padri, nilipanga viti, nilichekesha waombolezaji mpaka mama mmoja akanifukuza karibu na majiko. Nikirudi kwangu nilikuwa najishika kifua kama mtu anavyoshika mguu uliokufa ganzi, kuhakikisha bado ni wake.

Yuster hakulia. Wanawake walimtazama siku tatu wakisubiri. Alikaa panapokaa mfiwa, aliitika akiitwa. Ukimwekea chakula alikula, ukisahau hakukukumbusha. Siku ya nne nilimwona akimimina chai ya moto, kikombe kikajaa, ikafurika, ikamwagikia mkono aliokuwa ameshikia kikombe. Mkono haukuondoka. Nikamwambia, shemeji, chai. Akaiangalia, akaweka birika chini.

Tulipoanua matanga, vitu vya marehemu viligawanywa. Koti lilikwenda kwa baba mkubwa Kwizera, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Baiskeli nilichukua mimi, na msinitazame hivyo, alikuwa kaka yangu na baiskeli ilikuwa nzima. Ndala zake hazikuchukuliwa na mtu, kisigino kilikuwa kimelika. Kisha baba mkubwa akasema tumalize na jambo la nyumba.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shamba ni la ukoo, na mjane asiye na mtoto, kwetu sisi, hurudi kwao na vyombo vyake. Nyumba iliyosimama kwenye shamba hubaki. Yuster alilijua hilo, hakulibishia. Kaka yake, Faustini, alikuwa amempa kiwanja Nyantakara, pembeni ya zizi la ng'ombe. Kiwanja tu. Nyumba ya Faustini ilikuwa imejaa wake wawili na watoto mpaka jikoni. Siku ile Yuster aliniambia maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima: "Nikilala kwa kaka yangu nitakuwa mgeni mpaka nife. Nikiwa na mlango wangu, nitakuwa jirani." Kwa hiyo mjue alichokuwa anakitaka. Alitaka karavani.

Tukakaa kwenye mabenchi ya kanisa tuliyokuwa bado hatujayarudisha. Baba mkubwa Kwizera akasema kitu chenye mlango, dirisha na kitanda ni nyumba, hata kama ni cha bati. Nikasema hata basi la Mwanza lina mlango na dirisha, na watu wanalala humo.

"Erasmus," akasema baba mkubwa, "nenda ukakae kwenye hilo basi."

Watu wakacheka. Wakabishana mpaka jua likahama upande. Ndipo Yuster, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, akasema, "Lina magurudumu, baba."

Tukaenda kuyaangalia. Magurudumu yalikuwapo kweli, yameota nyasi, matairi yamelala kama chapati. Baba mkubwa akalizunguka lile karavani mara mbili, akagonga ukuta kwa fimbo. Ukuta ukacheza, ukatoa sauti ya debe. Nikaona amepata neno.

"Haya," akasema. "Likitoka hapa zima likavuka kijito cha mpaka wetu, ni chombo chako, mwanangu, nenda nacho. Likiangusha ukuta kwenye ardhi yetu, hata mmoja, basi lilikuwa nyumba siku zote, na nyumba haihami. Litabaki."

"Sawa, baba," Yuster akasema.

Wenzangu waliondoka wakinong'ona kuwa mzee ana huruma. Mimi nilibaki kuangalia kuta, na nikajua mzee hana huruma, ana akili. Karavani kwa nje ni bati jembamba sana, jembamba kuliko la paa, ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia. Ndani ya hilo bati kuna fito za mbao, na bati limeshikwa kwenye fito kwa skrubu, kuzunguka pande zote. Miaka ishirini na zaidi ya mvua za Ngara ilikuwa imepita kwenye matundu ya zile skrubu. Mbao zilikuwa zimelainika kama mkate. Ukiweka bisibisi, skrubu inazunguka, inazunguka, haiendi mbele hairudi nyuma. Moja niliishika kwa kucha nikaichomoa kama ninavyomchomoa kupe kwenye sikio la ng'ombe. Yuster alizihesabu zote. Zilikuwa mia mbili na kumi na moja, na zilizoshika kweli zilikuwa kumi na tisa.

Kwa bahati yake alikuwa na mimi. Mimi ni fundi wa kila kitu kisichokuwa na injini, muulizeni yeyote Bukiriro, ila msiwaulize wale wa upande wa kisima. Siku ya kwanza nilikuja na nyundo na misumari ya inchi tatu. Nikapiga msumari mmoja. Bati likaingia ndani kama shavu la bibi kizee, na msumari ukapita kwenye mbao ukatokea kabatini, ukatoboa mfuko wa chumvi. Yuster akanichukulia ile nyundo mkononi, akaenda kuiweka juu ya paa la banda la kuku, mahali ambapo sifiki bila ngazi.

Ndipo nikatoa ushauri wangu mkubwa. Ninyi nyote mmelima, au mmezaliwa na waliolima. Jembe likilegea kwenye mpini unafanyaje? Unaliloweka. Unaliacha majini usiku kucha, mti unavimba, asubuhi unalima mpaka saa sita na jembe halichezi. Nikamwambia Yuster, mbao ni mbao. Tuloweke ukuta.

Akasema sawa. Siku zile alikuwa anasema sawa kwa kila kitu, hata ungemwambia tulipake karavani maziwa.

Tulichota maji siku tatu. Tulifunika kuta kwa magunia yaliyolowa, tukamimina maji kwenye kila tundu kwa kijiko cha chai. Na nawaambieni, ilishika. Siku ya nne asubuhi kila skrubu ilikuwa imekaza, nilijaribu kwa bisibisi mpaka mkono ukauma. Baba mkubwa Kwizera alipita akielekea kwenye pombe, akagonga ukuta kwa fimbo, ukuta ukanyamaza. Akaondoka bila kuaga. Nami nikamfuata huko huko kwenye pombe nikawaeleza watu namna akili ya darasa la tano inavyofanya kazi.

Kilikuwa kiangazi. Jua lilipiga siku nne. Siku ya tano alasiri tulikuwa tumekaa ndani tunakula maharage na ndizi, nikasikia kitu kimedondoka kwenye sahani ya bati. Nikadhani ni mjusi. Kikadondoka kingine nje. Kisha kingine. Mbao zilikuwa zimekauka, na kwa kuwa ziliwahi kuvimba, zilirudi nyuma zaidi ya pale zilipoanzia, na zile zilizokuwa zimeoza zilimeguka kabisa zikawa unga. Skrubu zilikuwa zinatoka zenyewe. Ukuta wa upande wa mlango uliachia juu, ukainama taratibu, ukakaa umeegemea mgomba.

Kama lingekuwa njiani siku ile, kisa kingeishia hapo.

Niliacha kula. Nilingoja anitukane. Kusema kweli nilitamani anitukane, Wasukuma wana matusi mazuri, marefu, yenye ng'ombe ndani yake. Yuster alitoka nje, akaokota skrubu moja moja, akaziweka kwenye kopo. Akarudi akakaa.

"Maliza maharage, shemeji," akasema. "Yatapoa."

Siku mbili hakufanya kitu. Alikaa kwenye ngazi ya karavani na jembe mapajani, analigeuza, analiangalia pale mti unapoingia kwenye chuma. Nilipokuja siku ya tatu alikuwa na jibu, na alilitoa kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Kwenye jembe, mti uko ndani ya chuma. Ukivimba hauna pa kwenda, unabana. Hapa chuma kiko ndani ya mti. Tumekosea."

Alisema tumekosea. Hakusema umekosea. Liandikeni hilo mahali.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake, na mimi nilikuwa mtu wa kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuongea. Aliifanya hivi. Palipokuwa na mbao bado ngumu, alichonga vijiti vya mwanzi vyembamba, akavipaka gundi ya mbao, akavisukuma kwenye tundu mpaka likajaa, akavikata usawa wa bati, akaacha vikauke siku nzima. Kisha akarudishia skrubu pale pale, kwa mkono, polepole. Mwanzi ukabana skrubu kwa pande zote. Palipokuwa hakuna mbao tena, unga mtupu, aliingia ndani na kipande cha mti wa mgrevilea kama kiganja, akakiweka nyuma ya bati, akakipigilia kwenye fito iliyobaki nzima, halafu skrubu ikaanzia nje ikapita kwenye bati ikaingia kwenye hicho kipande kipya.

Lakini bati lenyewe lilikuwa jembamba. Kichwa cha skrubu kilikuwa kinalichana, unakaza na kichwa kinapita kikatokea ndani. Kwa hilo alitumia vizibo vya soda. Vilikuwapo vingi, vilibaki siku ya kuanua matanga. Alivigonga vikawa bapa, akatoboa katikati, na chini ya kila kizibo akaweka duara la mpira, ili kizibo kisikate bati na maji yasipite. Nilimkuta anakata hayo maduara kwa kisu cha kumenyea ndizi. Nilizitambua zile ndala.

"Za nani hizo?" nikauliza, nikijua.

"Za Juvenali," akasema, akaendelea kukata.

Nikaokota vipande vya mpira vilivyodondoka, nikavipanga kwenye goti langu.

Wiki tatu zilikwenda hivyo. Asubuhi mwanzi, jioni skrubu. Alinifundisha kitu kimoja, na nawapa bure: usikaze mpaka nguvu ziishe. Kaza mpaka uone mpira unaanza kuchungulia pembeni ya kizibo, acha hapo. Ukizidisha, utachana bati au utasaga mwanzi, utarudi ulikotoka. Nilimtania kuwa Wasukuma wote wakihama wanaswaga ng'ombe, yeye peke yake anaswaga nyumba. Akasema nyumba haili majani. Nilisubiri kuona kama atacheka. Alikuwa ameshageukia skrubu nyingine.

Ndala mbili ni ndala mbili. Ule mpira ulitosha ukuta wa mlango, ukuta wa kulia na ukuta wa mbele. Ulipofika ukuta wa nyuma ukaisha. Yuster akaangalia kopo, akaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndala mpya za bluu, za juzi. Hakuomba. Mimi nina nyayo laini, tangu utotoni, hata mama alisema, na kutoka kwangu hadi pale kuna changarawe. Nikazungumzia mvua. Ukuta wa nyuma akaufunga kwa vizibo vitupu, chuma juu ya bati.

Siku ya Jumamosi alikuja Wiston, kijana wa Kirushya mwenye trekta la kulimia watu. Walikubaliana kwa beberu mmoja. Alileta magurudumu ya tela lake, wakayafunga, wakapaka grisi, wakalishusha karavani kutoka kwenye mawe. Lililia kwa sauti moja ndefu, kisha likatulia. Pale lilipokuwa limesimama palibaki mstatili wa udongo mweupe usioota kitu.

Wazee walikuja wamevaa kama siku ya kipaimara. Baba mkubwa Kwizera alikuwa na koti la Juvenali, limemfika magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, macho yake yalikuwa kwenye kuta. Kutoka pale hadi kijitoni ni kama urefu wa viwanja vinne vya mpira, mteremko mtupu, mizizi na mawe. Ng'ambo ya kijito ni barabara. Mzee akasema yeye atatembea nyuma, kuangalia kinachodondoka.

Wiston akaondoka kwa gia ndogo. Yuster alitembea pembeni ya karavani, bisibisi mkono mmoja, mkono mwingine ameuweka juu ya bati kama mtu anayeongoza ng'ombe mgonjwa. Alikuwa anasikiliza kwa kiganja. Akihisi skrubu inacheza, anaikaza huku anatembea, hatua na zungusha, hatua na zungusha. Kwenye kona ya kwanza skrubu moja ilidondoka. Baba mkubwa aliinama akaiokota, akaikagua mbele na nyuma.

"Skrubu si ukuta," akasema, akampa.

Yuster akaiweka mdomoni, kati ya meno, ambako tayari zilikuwapo tatu.

Ukuta wa mlango ulishika. Wa kulia ulishika, wa mbele ulishika. Ule mpira ulikuwa unanyooka na kurudi kila gurudumu lilipopanda jiwe, ungeuona. Lakini nusu ya mteremko nikasikia nyuma kitu kama mtu anachana shuka. Vizibo vitupu vilikuwa vinakata bati. Kimoja kikapita, kikafuata kingine, na bati likaanza kufunguka kutoka juu kama jani la mgomba. Wazee walisimama. Wiston alitaka kusimamisha trekta, lakini kwenye mteremko ule ukisimama ndio umemaliza, tela litakuja kukukalia. Niliangalia ndala zangu za bluu. Zilikuwa na vumbi kidogo tu. Nilipoinua macho, pembeni ya karavani hapakuwa na mtu.

Mwisho wake nausema sasa hivi, nisije nikawaua kwa presha. Ukuta ulianguka. Ulianguka mzima, chali, na vumbi likapanda. Ila ulianguka ng'ambo, barabarani, hatua sita kutoka ukingo wa kijito.

Baba mkubwa Kwizera alivuka, akasimama juu yake. Akauliza umeangukia wapi, ingawa alikuwa ameukanyaga.

"Barabarani, mzee," Wiston akasema.

Mzee akaangalia alikotoka, akaangalia chini. Akajifunga kifungo kimoja cha lile koti.

"Barabara ni ya serikali," akasema. "Serikali ikiitaka hii nyumba, itakuja kusema. Nenda salama, mwanangu."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Yuster alitema skrubu kiganjani, akaomba tuunyanyue ukuta, akaanza kuufunga pale pale kando ya barabara, nasi tumeushikilia. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya chai. Mimi nilivua ndala zangu nikampa. Akazikata. Kazi ilichukua mpaka saa kumi, kisha tukapanda, na kesho yake mchana tukaingia Nyantakara, ng'ombe wa Faustini wakakimbia.

Sasa ni miezi minane. Nimekuja kumtembelea, nimekaa mlangoni pa karavani na daftari langu, naye yuko kwenye mkeka anachagua mawe kwenye mchele. Ana bustani ya mchicha, ana kuku watano. Wake wa Faustini wanabisha hodi kabla ya kuingia kwake. Kila Jumapili baada ya ibada anazunguka kuta na bisibisi, robo mzunguko hapa, robo pale. Nilimuuliza jana kama moyo umeanza kurudi. Akasema ukuta wa mlango unahitaji mwanzi mpya. Sikuuliza tena. Wangu pia sijui uko wapi, naongea tu.

Ninavyoandika namsomea, maana herufi anazijua lakini mwandiko wangu anasema ni wa kuku. Mpaka hapa hajanipinga mahali, amekuwa akitikisa ungo tu. Kwa hiyo limebaki jambo moja ambalo nyote mnajiuliza: ukuta uliokuwa umening'inia kwa skrubu mbili ulivukaje kijito? Jibu ni kwamba kulikuwa na mtu ndani. Baba mkubwa alikataza ukuta kuanguka, hakukataza mtu kuushika. Na mtu huyo, wapendwa, alikuwa mimi. Niliruka nikaingia kwa mlango trekta likiwa linakwenda, nikavishika vile vipande vya mgrevilea kwa ndani, mikono yote miwili, miguu nimeikita kwenye kabati, nikauvuta ule ukuta kifuani. Na kijito kilikuwa kimefurika, maji yakaingia kwa mlango, yakanifika kiunoni, yakanifika kifuani, mawe makubwa kama ndama yanabingirika yanagonga sakafu, nami sijaachia, maji yamefika hapa shingoni, nimeng'ata ile skrubu ya juu kwa meno, na kwa mkono wa kushoto nikawa namwashiria Wiston aongeze—

"Shemeji," Yuster akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Kijito kilikuwa kikavu. Na ndani nilikuwamo mimi."